Barabara Ifunguliwe Mbele

Kazi ya ukalimani ilinikuta nimeshastaafu. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili shule za upili karibu maisha yangu yote, mimi Mkikuyu wa Gitothua ambaye r na l zilinipiga chenga mpaka chuo cha ualimu, na nilipoweka chaki chini nilidhani sasa ni kulima sukuma wiki nyuma ya nyumba na kugombana na kuku wa majirani. Wapi! Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ana mvi na walinzi, akanipigia simu. Alikuwa ameteuliwa kusimamia mazungumzo ya amani kati ya nchi mbili jirani, kwenye hoteli moja nje ya Thika, na alitaka mtu wa kutafsiri Kiswahili kwa Kiingereza na kurudi. Alisema anataka mtu mzima asiyebabaishwa na maneno. Nikamwambia mimi maneno hunibabaisha kila siku, ndiyo maana niliyasomea. Akacheka, akatuma gari.

Hizo nchi mbili sitazitaja. Niliweka sahihi kwamba sitazitaja, na hata bila sahihi ningenyamaza, maana wenyewe wanajijua. Yatosha kusema ziko magharibi, ng'ambo ya maziwa, na kati yao inapita barabara moja. Kando ya barabara hiyo kuna mji mdogo wa mpakani, na juu ya mji kuna vilima. Wanajeshi wa nchi ya pili walikuwa wamevuka mpaka wakapanda vilima vile, wakisema wanajilinda, na tangu siku hiyo hakuna gari wala mguu uliopita. Watu walifungiwa ndani kama kuku tengani. Pale hotelini tulizoea kuwaita wajumbe wa nchi ya kwanza watu wa mji, na wale wengine watu wa vilima, na hapa nitawaita hivyo hivyo.

Bila jirani yangu hii ingekuwa kazi tu kama kazi nyingine. Yeye ni msusi, amepanga kwenye ploti inayopakana na kwangu, na kibanda chake cha kusuka kiko upande wa soko, hapa Ruiru. Alizaliwa katika mji ule. Alikuja Kenya kabla vita havijaanza, akamwacha binti yake mdogo kwa mama yake, akapanga kwamba akishajipanga atawafuata wote wawili. Basi alipojipanga, barabara ikafungwa. Mama yake ni mgonjwa wa presha, na dawa zilikuwa zikitoka upande wa pili wa barabara ile ile. Kila msusi aliponiambia mama anameza nusu kidonge ili zisiishe haraka, nilikuwa naangalia pembeni.

Kiswahili chake kilinichekesha sana mwanzoni, na changu kilimchekesha zaidi. Siku moja nilienda anisuke laini za mtu mzima, zile zisizo na madoido, nikamkuta mama mwingine amekaa anangoja. Msusi akaniambia, "Mama, kaa, nitakusuka mbele ya huyu." Mimi nikaelewa nilivyoelewa. Nikavuta kiti nikakiweka mbele ya yule mama, goti kwa goti, nikakaa nikamtazama usoni. Maskini, alishika mkoba wake kama ameona kanjo, hao askari wa kaunti. Msusi alicheka mpaka kitana kikamwanguka. Kumbe kwao mbele ni kwanza. Kula mbele ya kuoga ni kula, halafu ndiyo uoge. Nami nikamweleza ya kwetu huku bara, kwamba mbele ni baadaye, na mtu akikuambia hiyo maneno tutaangalia mbele, wewe nenda zako nyumbani, leo hupati kitu. Hapo akapiga makofi. Alisema fundi wa bomba aliwahi kumwambia hivyo hivyo, naye akashinda ndani akimngoja, akijua yeye ndiye wa kwanza, na fundi hajaonekana hadi leo.

Niliporudi kutoka Thika jioni za kwanza, gari lenye vioo vyeusi likinishusha langoni, majirani walikuwa na maneno yao. Msusi hakuniuliza kitu. Alijua nimeweka sahihi, na ana adabu kuliko wengi. Aliuliza tu, "Mama, huko Thika kuna joto?" Nilielewa anauliza nini. Siku zile mbili tatu nilizoona matumaini nilimjibu kuna joto kidogo. Nyingine zote nilimwambia kuna mawingu, naye akasema aksanti, ndiyo asante ya kwao, akaenda kuanua nguo.

Na mawingu yalikuwepo kweli. Mtu asiyewahi kukaa kwenye mazungumzo ya namna ile anadhani wakubwa wanaongea mambo makubwa. Haki ya Mungu, asubuhi nzima iliisha watu wakibishana kama kile kinachoendelea kiitwe uvamizi ama kiitwe hali. Watu wa mji walitaka uvamizi. Watu wa vilima walitaka hali. Wakakubaliana kwa jasho kwamba ni hali inayotia wasiwasi, wakashikana mikono, wakaenda kula nyama choma. Siku nyingine walibishana kuhusu ramani iliyobandikwa ukutani, na suluhisho likawa kuibandua. Neno kwa heshima lilitangulia kila tusi, nami nililitafsiri lote, heshima na tusi. Jioni nilikuwa nafika nyumbani mdomo umekauka na hasira imejaa mpaka hapa.

Mwanafunzi wangu, huyo mwenyekiti, alikuwa na uvumilivu wa ajabu. Nitasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nitasema mengine baadaye. Alikuwa anajua nani hapendi kukaa karibu na nani, nani anataka chai bila maziwa, nani amefiwa. Wakikwaruzana aliwapeleka nje wakatembee kwenye bustani ya hoteli. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja ambao sisi Wakenya tunao wengi. Aliamini Kiswahili kinajitafsiri chenyewe. Mjumbe akitoka kwenye Kifaransa au Kiingereza akaingia Kiswahili, mwenyekiti alininyooshea kiganja ninyamaze. Alisema sisi ni ndugu, ndugu hawawekewi mkalimani. Nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba Kiswahili kina nyumba nyingi, na katika kila nyumba vyombo vimepangwa tofauti. Akaniambia, "Mwalimu, hiyo maneno tutaangalia mbele."

Kiongozi wa watu wa mji alikuwa mzee mwembamba, balozi wa siku nyingi, asiyependa kelele. Yeye na Kifaransa chake. Aliongea polepole, na mkalimani kijana wa Kifaransa aliyekaa kibanda cha pili akamtafsiri. Msimamo wa nchi yake haukubadilika tangu tuanze. Wanajeshi washuke vilimani, ndipo jambo lingine lolote liguswe, barabara ikiwamo. Watu wa vilima nao walisema hawashuki mpaka askari wa mji waondolewe kwenye daraja lililo chini ya vilima. Huyu anamngoja yule, yule anamngoja huyu, na barabarani majani yanaota.

Halafu ikaja alasiri ile. Mzee alivua visikilizio akaviweka mezani, akasema kwa Kiswahili kwamba amechoka na mashine.  Niliinamia maikrofoni yangu, na kabla sijaibonyeza kiganja cha mwenyekiti kilikuwa hewani.

"Mwalimu, pumzika," akasema akitabasamu. "Hapa sasa ni Kiswahili. Tunaelewana."

Watu wakapiga makofi kidogo. Mzee akangoja yaishe. Akasema mama za kwao wanakufa kwa kukosa dawa, na yeye ana umri wa kutosha kuogopa Mungu kuliko kuogopa wakubwa zake. Kisha akasema, "Sisi tunasema hivi. Barabara ifunguliwe mbele. Mambo ya askari tutazungumza."

 Mzee alikuwa amekiweka mezani kitu ambacho nchi yake ilikishikilia kwa meno tangu mwanzo. Alikuwa anasema wafungue barabara kwanza, hata kama wanajeshi bado wako juu, na habari za wanajeshi zifuate. Hilo ndilo tulilokuwa tunalingoja wote, na lilikuwa limesemwa kwa maneno saba tu.

Mwenyekiti akatabasamu kwa raha kabisa. Akageukia waandishi wa kumbukumbu, akawaambia kwa Kiingereza waandike kwamba watu wa mji wamekubali suala la wanajeshi lizungumzwe sasa, na barabara ifunguliwe wakati mwingine, huko mbele ya safari. Akaiona ni hatua kubwa, kwamba mzee amelegeza sharti lake la wanajeshi kushuka kwanza. Aliisikia kwa masikio yake mwenyewe, masikio ya mtoto wa Thika.

Nikamtazama kiongozi wa watu wa vilima. Huyu alizaliwa mpakani pale pale. Wakati wa chai huwa anaongea na mzee Kiswahili kile kile, wakikumbushana samaki wa ziwa lao. Alijua vizuri sana mbele ni nini. Alimtazama mzee, akamtazama mwenyekiti, akazitazama kucha zake. Kisha akasema upande wake unakubali, kama ilivyoandikwa.

Nilibonyeza maikrofoni, taa haikuwaka. Ilikuwa imezimwa kutoka mezani kwa mwenyekiti. Mkalimani hana sauti yake mwenyewe, hiyo ni sheria ya kwanza tuliyopewa pale hotelini, lakini nikasimama hivyo hivyo, mtu mzima na nyonga zangu hizi. Mwenyekiti akaniona. Akadhani nataka kwenda msalani, akamwashiria mhudumu anifungulie mlango.

Nilimkamata kwenye chai, karibu na birika kubwa. Pale hakuna mheshimiwa, pale nilimwita kijana. Nikamwambia yule mzee amesema kwanza, hakusema baadaye, na kama hasahihishi hiyo kumbukumbu sasa hivi tutakuwa tumewauza watu. Akacheka kwa upole. Akasema mbele ni mbele, na kwamba Kiswahili nilimfundisha mimi mwenyewe, kitampita nini? Ngai mwathani, Mungu wangu, nilitamani kumrudisha kidato cha pili pale pale. Nikamweleza kula mbele ya kuoga. Nikamweleza kiti changu na magoti ya yule mama. Niliona tabasamu likimtoka usoni polepole, maana yeye si mjinga, tatizo lilikuwa kiburi tu.

Lakini kumbukumbu ilikuwa imeshatumwa kwenye miji mikuu yote miwili. Akasema haiwezekani kuivuta bila aibu, na aibu katika mambo haya huua mazungumzo haraka kuliko risasi. Aliahidi kwamba kesho yake asubuhi atanipa maikrofoni nimuulize mzee mbele ya wote, kwa utaratibu, kama ufafanuzi wa lugha tu. Nikasema sawa. Ningefanya nini? Jioni hiyo msusi aliponiuliza kuhusu joto nilimwambia sijui, na kwa mara ya kwanza hakusema aksanti. Alisema mama yake amemaliza vidonge.

Asubuhi mwenyekiti alitimiza ahadi yake. Alisema kuna neno moja la kufafanuliwa, akanipa nafasi. Nilibonyeza maikrofoni, safari hii taa ikawaka.

"Mzee wangu," nikasema, "jana uliposema barabara ifunguliwe mbele, ulimaanisha kwanza, ama ulimaanisha baadaye?"

Mzee aliinua uso. Visikilizio alikuwa amevivaa tena, ingawa tulikuwa tunaongea Kiswahili. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kilichoandikwa," akasema, "ndicho nilichosema."

Kiongozi wa watu wa vilima akadakia bila kuombwa, akasema hata kwao ilieleweka hivyo, kauli ilikuwa wazi. Tangu tuanze wale wawili hawakuwahi kukubaliana haraka vile. Mwenyekiti akanishukuru kwa heshima zote, akageuza ukurasa. Nikakaa. Sijawahi kujiona bure namna hiyo. Neno nilikuwa ninalijua, wote mle ndani sasa walilijua, na halikuwa na kazi tena kuliko kokwa la parachichi.

Mzee alinifuata baadaye kwenye korido, mahali dirisha linatazama mibuni. Hakutaka tuonekane tunaongea, alijifanya anaangalia nje. Alisema kwamba usiku ule, mjumbe wake mwenyewe mmoja alipiga simu nyumbani, akasema mzee anaiuza nchi, anataka barabara ifunguliwe adui akiwa bado amekaa kilimani. Nyumbani wakamwita mzee kwenye simu. Wakamsomea yale yaliyoandikwa na mwenyekiti, wakamuuliza ni lipi kati ya mawili alilosema. "Mama, wewe ulisikia vizuri," akaniambia. "Lakini nina watoto kule." Nilitafuta hasira yangu nikaikosa. Nilimwambia pole tu, akaenda.

Nimelifikiria jambo hilo nikipalilia, nikiosha vyombo, nikiwa kanisani wakati wa mahubiri. Watu husema vita vinatokea kwa sababu wanadamu hawaelewani. Mimi nimekaa mle ndani, na nawaambia waligombana mwezi mzima wakiwa wanaelewana vizuri sana, halafu siku waliyokosea neno ndiyo siku waliyopatana. Hata hivyo siwezi kusema diplomasia haina maana. Ile alasiri ilikuwepo. Mzee alisema. Kama mtu mmoja angemuuliza pale pale, kabla ya makofi, kabla ya simu za usiku, ulimaanisha nini baba, angejibu ukweli, maana ukweli bado ulikuwa mdomoni. Amani ilikuwa na dakika zake chache kama maziwa yanapochemka, na sisi tulikuwa tunashangilia undugu wetu. Barabara haijafunguliwa hadi ninapoandika haya.

Siku ya mwisho mwenyekiti aliniomba nitafsiri tamko la pamoja kwa Kiswahili, lisomwe redioni kote. Nikaandika bila mapambo. Mambo ya wanajeshi yataendelea kuzungumzwa, na barabara itafunguliwa baadaye, siku haijaamuliwa. Akasoma, akasugua paji la uso. Alisema hilo baadaye linanuka kushindwa. Aliniomba niweke itafunguliwa mbele, au hapo mbele, kitu kitakachowatia watu moyo.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza kama amesahau yote niliyomwambia kando ya birika. Hakuwa amesahau. Alisema lile lilikuwa neno la mzee mmoja, lakini hili ni tamko la watu wote wa Afrika Mashariki, Kiswahili sanifu, na katika Kiswahili sanifu mbele hueleweka kwa muktadha. Alikuwa hajalala siku nyingi, macho yamemwingia ndani. Nikamwambia muktadha wa mtu aliyefungiwa mjini ni mmoja tu, ni barabara, na akisikia itafunguliwa mbele ataamka afunge virago. Nikakataa kubadilisha. Nikapiga mstari chini ya baadaye mara mbili, nikamkabidhi karatasi mkononi. Akasema asante, Mwalimu, kwa sauti ile ya mtoto aliyekwisha kuamua. Gari likanirudisha Ruiru.

Kesho yake nilikuwa nachagua maharagwe uani, jua limeshapanda, nikasikia mtu anakuja mbio. Ni msusi, kitana mkononi, aproni kiunoni. Alikuwa amemwacha mteja kibandani na nusu ya kichwa. Alinibeba juu na maharagwe yangu, mimi na uzito huu, akinizungusha.

"Mama, kumbe kulikuwa na joto!" akasema. "Balisema barabara itafunguliwa mbele!"

Redio ya mpakani ilikuwa imelisoma tamko. Mama yake alikuwa amempigia simu asubuhi hiyo, mji mzima umesikia, watu wanafunga virago, wengine wameshatoka. Mama alikuwa amemvalisha mtoto viatu vya kanisani. Walikuwa wanakwenda barabarani wao pia, wakishapita watanunua dawa upande wa pili, wapande basi, na msusi awapokee hapa. Alikuwa ameshafikiria wapi watalala. Aliniuliza kama naweza kumwazima godoro.

Nikamwambia akae. Hakutaka kukaa. Basi nikamwambia akiwa amesimama. Nilimweleza wale wakubwa walimaanisha mbele ya kwetu, ya fundi wa bomba, haikuwa mbele ya kwao. Kwanza alidhani namtania. Alicheka hata, akanipiga bega. Halafu akanitazama vizuri, na nikaona uso wake ukielewa kabla yeye mwenyewe hajakubali. Sitaki kumwona tena mtu akielewa namna ile. Alianza kupiga simu kwa mikono miwili. Simu ikajibu kwamba mteja hapatikani. Mama yake huzima simu ili kutunza chaji, huiwasha anapotaka kuongea tu.

Nami nikampigia mwenyekiti. Nilimkuta uwanja wa ndege, anakwenda kupatanisha watu wengine mahali pengine. Nilimweleza huku nikisikia matangazo ya ndege nyuma yake. Akasema, "Mwalimu, nisamehe." Sikumpigia ili anisamehe. Nilimpigia azuie watu wasifike kwenye vizuizi vya wanajeshi. Aliahidi redio zitasahihisha, na kweli zilisahihisha, jioni, baada ya habari za mpira, ingawa mtu aliye njiani na mzigo kichwani hasikilizi redio.

Msusi akarudi kibandani. Niliona ajabu, kisha nikaelewa, mteja bado alikuwa amekaa na nusu kichwa na hakuwa na kosa lolote. Nikaenda naye. Alisuka laini moja, akapiga simu, akasuka nyingine, akapiga. Yule mteja hakuthubutu kusema anavutwa nywele. Mimi nilikaa kwenye benchi nikimshikia nywele za bandia, maana hiyo ndiyo kazi pekee niliyoiona ya kufanya.

Simu ilipita jua likiwa linashuka. Aliiweka kwenye spika. Mama yake alikuwa hai, mtoto alikuwa hai. Walikuwa wamefika kwenye kizuizi pamoja na watu wengi sana, akasema, kama siku ya soko. Wanajeshi waliwaambia hawajapewa amri yoyote. Watu walipozidi kusogea, wakapiga risasi hewani. Watu wakalala chini, na risasi ziliponyamaza waliketi pale pale. Hakuna aliyerudi. Msusi alimwambia mama yake arudi nyumbani, alimwambia kwa Kiswahili, akamwambia kwa lugha ya kwao, akamwambia akilia. Mama akakataa. Alisema redio imesema barabara mbele, na miguu yake haiwezi kuja safari hii mara mbili.

Kisha akauliza kama yule jirani anayekaa na wakubwa yuko karibu. Msusi akanipa simu.

Alinisalimu kwanza, kama inavyopasa. Aliniuliza habari za nyumbani, za afya yangu, za mvua. Nilijibu zote. Nilisikia watoto wakilia nyuma yake na mtu akiimba pambio. Sauti yake haikuwa na woga wala lawama, ilikuwa sauti ya mgeni aliyefika akakuta mlango umefungwa, naye anaamini mwenyeji yuko bafuni.

"Mama Mwalimu," akasema, "uwaambie hao bakubwa sisi tumeshafika. Kama kuna kuchelewa, si kwetu."

Nikamwambia nitawaambia. Chaji ikaisha, simu ikakatika, na msusi akaniuliza nitamwambia nani.